Msaada wakuu: Excel hazifi, zinajazana kwenye Task Manager

KodiMkodi: Wakuu habari za jioni. Nina programu ya C# inayotoa ripoti za mauzo kwa Excel. Ripoti inatoka safi, ila EXCEL.EXE, yaani Excel yenyewe, inabaki nyuma ikiendelea kufanya kazi, haina dirisha, unaiona Task Manager tu (orodha ya programu zinazoendeshwa). Ikifika jioni zimejipanga foleni, mashine inakaba. Nataka programu yenyewe iziue. Bosi keshaanza kuninunia.

MzeePengwini: Hamia Linux, kijana. Kule amri ya kuzima programu, kill -15, inabisha hodi, programu inafunga mafaili yake inaondoka kwa heshima. kill -9 haikamatiki, kernel, kiini cha mfumo, inaiondoa tu. Enzi zetu jamaa alipiga -9 kwenye hifadhidata mchana kweupe, tulikesha tunaikarabati. Siku hizi ana duka la nafaka.

FundiChipsi: Zima uwashe. Shukrani utume kwa vocha.

DadaMsimbo: Ita Quit(), kisha Marshal.ReleaseComObject ya kuachia kila ulichoshika: Workbook, Worksheet, hata Range. Ukisahau kimoja, Excel inaweza isitoke. Halafu hiyo mashine anaitumia nani mwingine?

KodiMkodi: Quit() ipo. Nimeshaandika GetProcessesByName("EXCEL"), inakusanya Excel zote zilizo kwenye mashine, na Kill() kwa kila moja, nilitaka tu mnihakikishie.

DadaMsimbo: Hujajibu. Nani mwingine?

KodiMkodi: Mhasibu. Ila huwa anasevu.

DadaMsimbo: Kumbe! Kill() haiulizi kama unataka kuhifadhi. Utaondoka na faili lake la mishahara. Chukua Hwnd (namba ya dirisha) ya Excel uliyoifungua wewe, ipitishe GetWindowThreadProcessId upate PID (namba ya mchakato wake), uue hiyo tu.

KodiMkodi: Si kuna AutoRecover, Excel inajihifadhia nakala yenyewe kila dakika 10? Na itakuwa saa saba, ameenda kula. Bosi nimeshamwambia kazi imekwisha.

MamaWawili: Ndiyo maana mishahara inachelewa. Mnachezea jasho la watu kisha Jumapili mko kanisani mbele kabisa.

Mdadisi_Mkuu: Hebu ngojeni. Huyu si ndiye alisema juzi yuko chuo mwaka wa pili, anauza mitumba? Leo ana bosi na mhasibu? Hii ni asaimenti, tunafanyishwa kazi hapa.

KodiMkodi: Mitumba ni ya pembeni, mkuu. Mtu haruhusiwi kuwa na kazi mbili?

Mdadisi_Mkuu: Tupia picha ya hiyo Task Manager basi.

KodiMkodi: Mashine iko ofisini.

FundiChipsi: Jinzi saizi 36 ipo?

KodiMkodi: Ipo, bluu na nyeusi. Njoo PM.

DadaMsimbo: Hwnd, wewe. Hwnd!