Bomba kuu au shimo la uani: fedha za majitaka Dar zianzie wapi?

MLETA MADA (Tandale)
Ndugu zangu, nalileta hili tulijadili kwa uzito wake. Sensa ya 2012 ilitukuta Dar es Salaam watu milioni 4.36, ya 2022 ikatukuta milioni 5.38. Wengi wetu tunatumia vyoo vya shimo na makaro, yaani matangi ya majitaka ya chini ya ardhi. Lakini majitaka yakitajwa, habari ni mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka na bomba kuu. Mimi nasema fedha zianzie kwenye mashimo.

Masika yakianza, huku kwetu watu wanatapisha vyoo. Unatoboa shimo upande wa mfereji, mvua inabeba. Anayefanya hivyo si mkorofi. Gari la kunyonya halipiti uchochoroni, na hela ya safari moja mpangaji wa chumba kimoja hana. Asipotapisha atawaita vijana tunaowaita vyura, wamwage chumvi na mafuta ya taa shimoni, kisha mmoja ashuke na ndoo. Mlipuko wa kipindupindu wa 2015 ulianzia Kinondoni hii hii. Mdogo wangu alilazwa. Sijasahau harufu ya wodi ile mpaka leo.

FUNDI BOMBA (Ilala)
Mkuu, pole kwa mdogo wako. Ila nikuulize: shimo likishanyonywa, kinyesi kinakwenda wapi? Magari mengi hushusha Vingunguti, kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Mabwawa yale hayaendeshwi kwa mashine. Tope linatuama bwawa la kwanza, bakteria wanalila, maji yanasogea taratibu bwawa hadi bwawa, jua na mwani vinamalizia. Kinachosafisha ni muda. Ongeza magari bila kuongeza mabwawa, au acha tope lijae, na maji yatapita kabla ya muda wake. Chini pale ni Mto Msimbazi. Kwa hiyo hata hayo mashimo yako yanahitaji mtambo.

Halafu tazama Kariakoo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita inavunjwa, linapanda ghorofa. Watu wote wale huwezi kuwachimbia shimo.

MKAZI WA MBEZI BEACH
Mimi nina karo na nina uwezo wa kulipia gari. Bomba likipita mtaani nitaunganishwa hata kesho, maana nusu ya majirani zangu wana visima na mchanga wa huku unapitisha kila kitu. Tusionekane tunapendelewa. Sisi ndio tutakaolipa bili ya majitaka kila mwezi, na bila walipaji mtambo hauendeshwi.

MLETA MADA
Hilo la walipaji nalikubali, dada. Lakini ndilo linalonitia hofu, kwa sababu bomba litafuata walipaji. Na hata likifika Tandale, litapata maji wapi? Kinyesi hakitembei chenyewe, kinasukumwa na maji. Nyumba inayonunua maji kwa ndoo inamwaga kopo mbili chooni. Weka bomba pana hapo, uchafu utakwama na kukauka, mashimo ya ukaguzi yafurike barabarani. Tutarudi kule kule, safari hii tukiwa na deni.

MAMA MBOGA (bonde la Msimbazi)
Wanangu, mnaongea vizuri. Mimi mchicha wangu unanyweshwa na mto huo huo mnaoutaja. Nausafisha kwa maji ya bomba kabla sijaupeleka sokoni, maana nami nina wajukuu wanaoula. Mtu akitapisha Tandale, mimi ndiye ninayepokea.

FUNDI BOMBA
Shikamoo mama. Hapo umesema yote.

Mleta mada, hoja yako ya maji ni kweli, na ina jibu. Brazil, tangu miaka ya 1980, wanalaza mabomba membamba, yasiyo na kina kirefu, yakipita uani na vichochoroni badala ya kufuata barabara kubwa. Bomba jembamba linajisafisha kwa maji machache, na ukilipitisha pasipo magari huhitaji kuchimba sana. Orangi, kule Karachi, Pakistan, kuanzia 1980 wakazi walichangishana wakajilazia mabomba ya vichochoro vyao. Bomba kuu na mtambo wakaiachia serikali. Lakini hao wa Orangi bila bomba kuu wangekuwa wamehamishia uchafu kona ya mtaa tu. Ndiyo maana nang'ang'ania mtambo.

MLETA MADA
Basi nasogea kidogo. Mtambo ujengwe, bomba kuu lilazwe. Ila mkataba wa bomba kuu uandike na vichochoro: mitaa ipi, nyumba ngapi, kwa mwaka upi, na mtambo usihesabiwe umekamilika kabla nyumba hizo hazijaunganishwa. Gharama ya kuunganisha ilipwe kidogo kidogo kwenye bili ya maji, isidaiwe yote mara moja. Huku bomba likisubiriwa, wale vijana wapewe pampu za mkono na matoroli, na kituo cha kushushia kilicho karibu, wasishuke shimoni tena.

Kuna fundo moja sijalifungua. Kwetu wengi ni wapangaji. Mwenye nyumba wangu anachukua kodi ya miezi sita kwa mpigo na anaishi mbali. Choo kikifurika hakimnukii. Nani atie saini ya kuunganisha? Sheria ndogo za manispaa ziseme nyumba isiyo na choo kinachonyonyeka au bomba haipangishwi. Mwenye njia bora ya kumfikia mwenye nyumba aseme, nitaipeleka kikao cha serikali ya mtaa.