Je, kutokuwa na ndugu Texas kunapunguza nafasi ya kuajiriwa na kampuni kubwa za mawakili?

Mtanga Ughaibuni

Wandugu, habari za kazi na masomo. Nasoma mwaka wa kwanza wa sheria katika chuo kimoja cha kaskazini-mashariki mwa Marekani, na ningependa kuanzia kazi Houston kwa kuwa nia yangu ni mikataba ya mafuta na gesi. Nilizaliwa Tanga, nikakulia Arusha, na huko Texas sina mzazi wala shangazi. Mshauri wa ajira wa chuo ameniambia kwamba kampuni za huko zitataka kujua nina uhusiano gani na jimbo lao, ilhali wenzangu wanaoomba New York hawaulizwi jambo hilo. Je, ndivyo ilivyo, na asiye na chimbuko huko afanye nini?

Wakili wa Houston

Mshauri wako hakukosea. Nina mwaka wa nne hapa, na mara kadhaa nimekaa upande wa wasaili. Kampuni kubwa hupata sehemu kubwa ya mawakili wapya kutokana na wanafunzi wanaofanya kazi kwao kiangazi cha baada ya mwaka wa pili, kwa hiyo mtu akichukua nafasi hiyo kisha akatimkia kwingine baada ya muda mfupi, gharama ya kumfundisha imepotea. Zamani mtihani wa uwakili wenyewe ulimfunga mtu kwenye jimbo kwa kiasi fulani. Tangu Februari 2021 Texas inatumia mtihani wa pamoja wa majimbo, na alama zake huhamishika, mradi ufikishe 270 kwa Texas au 266 kwa New York. Isitoshe, kampuni nyingi kubwa hulipa wakili anayeanza dola 225,000 kwa mwaka Houston sawasawa na Manhattan kule New York, na Texas haitozi kodi ya jimbo kwenye mapato ya mtu. Msaili anaijua hesabu hiyo kama wewe. Ukimweleza kwamba umevutiwa na unafuu wa maisha, umemthibitishia kuwa umefuata fedha. (Mwombaji mmoja alitusifia hali ya hewa ya Houston. Aliyewahi kuionja Agosti ya hapa hawezi kusema hivyo.)

Hoja yako ya mafuta na gesi ina nguvu kuliko shangazi, ila ionekane kwa vitendo: tafuta kazi ya kiangazi hiki hapa hapa, hata kama ni kwa jaji na haina malipo. Usizisahau pia kampuni zilizoingia kutoka nje, kama Latham & Watkins iliyofungua ofisi hapa mwaka 2010 na Kirkland & Ellis iliyofuata mwaka 2014; nionavyo mimi, zenyewe zilikuja zikiwa wageni na swali la asili halizisumbui sana.

Dada wa Brooklyn

Naomba kutofautiana kidogo na kaka hapo juu. Hesabu ya biashara ipo, lakini aliyezaliwa Houston akaenda kusoma Boston hadaiwi ushahidi wowote, kwani jina la sekondari yake kwenye wasifu limeshamsemea, wakati mhamiaji hupimwa kwa mizizi ambayo hakuwa na namna ya kuiotesha. New York haiulizi kwa sababu kampuni zake huchukua wanafunzi wengi na zimezoea kuwaona wakiondoka baada ya miaka michache. Si kwamba zina huruma zaidi.

Na kama uko kwa viza ya mwanafunzi, jua kwamba ukihitimu sheria kwa kawaida unaruhusiwa kufanya kazi miezi 12, kisha unategemea bahati nasibu ya viza ya kazi. Mwajiri aliyekwisha kutilia shaka kama utabaki ataiunganisha shaka hiyo na suala la viza, hivyo uliza mapema ni kampuni zipi hudhamini viza.

Mtanga Ughaibuni

Nawashukuru sana. Nimekumbuka kwamba mdogo wake mume wangu anasoma Denton. Je, huo nao ni uhusiano?

Wakili wa Houston

Utaje, dada, lakini usiutangulize. Denton iko jirani na Dallas, zaidi ya saa nne kwa gari kutoka hapa, na msaili wa Houston atakuuliza papo hapo kwa nini hukuomba Dallas. Kwa watu wa hapa, hiyo ni miji miwili yenye wivu baina yao. Andaa jibu hilo kwanza, na jibu ni mafuta na gesi.