Nani aliwadanganya kwamba kila utanzu unataka jina jipya la kalamu?

Wadau wa uandishi, huu ushauri wa "ukibadili utanzu (aina ya hadithi, kama mapenzi au upelelezi) badili na jina unaloandikia" mwache kuutoa kijuujuu. Mtu ana vitabu viwili, majina ya kalamu matatu, halafu analia hapati wasomaji. Atawapata wapi? Kila jina ni duka jipya lenye rafu tupu: tovuti yake, wasifu wake, orodha yake ya barua pepe, mtindo wake wa majalada, na maoni ya wasomaji yanaanza sifuri. Anayemaliza kitabu kimoja kwa mwaka akigawa kwa majina matatu, msomaji wa kila jina anangoja miaka mitatu. Nani angoje?

Angalieni msomaji kwanza. Wa upelelezi atasoma na hadithi za kusisimua bila kulalamika, kwa hiyo jina moja linatosha, tofautisha kwa jalada. Ila mapenzi ya chumbani na vitabu vya watoto wa miaka sita chini ya jina moja ni uzembe mtupu. Mzazi anabofya jina la mwandishi amtafutie mwanawe kitabu kingine, anakutana na vifua wazi. Halafu kuna mashine: maduka ya mtandaoni hupendekeza kwa kuangalia nani kanunua nini. Mashabiki wako wa mapenzi wakinunua kitabu chako cha kutisha kwa kukuunga mkono tu, duka litakipeleka kwa watu wa mapenzi, hawatakibofya, kitazama.

Na si lazima jina la pili liwe la siri. Mwandishi wa Uskoti, Iain Banks, alitumia jina hilo kwa riwaya za kawaida, za sayansi ya kubuni akaongeza M katikati. Herufi moja! Msomaji alijua anachochukua, na aliyependa upande mmoja hakupata shida kuufikia wa pili.

Sasa nyie wa siri, ndio mnaonichefua hasa. Unatuma muswada kwa jina bandia, mhariri anafungua taarifa za faili: "Mwandishi", na jina lako kamili kama lilivyo kwenye kompyuta. Maoni ya pembeni nayo yanalo. Kwenye Word fungua Faili, kisha Taarifa, kagua hati, ondoa sifa za hati na taarifa binafsi. Fanya hivyo kwenye nakala, maana vingine vikishafutwa havirudi. Ndipo utoe PDF. EPUB, faili la kitabu cha kielektroniki, msiisahau: ni kifurushi cha zip tu, ndani kuna faili la .opf lenye mstari wa dc:creator, yaani jina la mwandishi. Programu ya Calibre au Sigil itakuonyesha kilichoandikwa hapo. Halafu kuna ukurasa wa hakimiliki, ambako mtu aliyeficha kila kitu anaweka © na jina la kitambulisho. Kha!

Makaratasi na midomo ya watu vimewaumbua hata wakubwa. Mwaka 1985 Stephen King, yule wa riwaya za kutisha, alijulikana kuwa ndiye Richard Bachman baada ya mfanyakazi wa duka la vitabu kuchimba rekodi za hakimiliki. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, naye mwaka 2013 alifichuliwa kuwa ndiye Robert Galbraith kwa sababu wakili wa ofisi iliyomwakilisha alimnong'oneza rafiki wa mkewe.

Mkataba husainiwa kwa jina halisi, "anayeandika kama fulani". Benki na kodi zinataka hilohilo. Kama ulishasaini kifungu cha kutoshindana (usitoe kwingine kazi itakayoshindana na kitabu cha mchapishaji wako), au cha kumpa mchapishaji nafasi ya kwanza kwa kazi ijayo, kinakubana wewe mwenyewe. Usidhani lakabu inakutoa, soma kinavyosema. Hakimiliki nayo ina mtego: Marekani, kazi ya jina bandia ambayo mwenyewe hajatajwa kwenye rekodi hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa au 120 tangu kuandikwa, muda utakaoisha mapema. Ukijitaja, ni maisha yako na miaka 70 zaidi. Lakini rekodi hizo ziko wazi kwa yeyote, muulizeni King.

Na wewe unayetumia jina la pili kukipa nyota tano kitabu cha jina la kwanza, huo ni utapeli. Duka likikubaini linafuta maoni, na likiamua kufunga akaunti, majina yote yaliyomo yanaondoka pamoja, hata lile ulilokuwa unalitendea haki.