Kibao cha historia Jiwe la Bismarck: kikazwe kwenye mwamba au kisimame nchi kavu?

Mtoa mada: Jiwe la Bismarck, lile lililokaa juu ya wenzake majini karibu na gati la Kamanga, Mwanza, hupigwa picha kila siku, lakini mgeni anaondoka bila kujua ameona nini. Wapo wanaotaka bamba la shaba likazwe kwa bolti kwenye jiwe lenyewe. Wapo wanaotaka kibao kisimame ufukweni na jina la Bismarck, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, lisiwe kichwa cha habari. Karibuni.

Fundi mawe, Mabatini: Jiwe lisitoboliwe kabisa. Graniti ni ngumu ndani, ila ganda la nje limechoka kwa jua na mvua. Ligonge taratibu kwa nyundo ndogo: likilia kama debe tupu, tabaka la juu limeshaachana na mwili. Ukipitisha bolti ya chuma hapo, maji yanaingia tunduni, chuma kinapata kutu, kutu inavimba, na ganda linabanduka pamoja na bamba lake. Kubandika kwa saruji nako kunaacha michirizi myeupe ya chokaa ambayo ukiisugua unalikwangua jiwe. Na shaba itang'olewa usiku ikauzwe vyuma chakavu.

Nchi kavu kazi ni nyepesi. Nguzo mbili za bomba la mabati la inchi 2, mashimo ya sentimita 75, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Sehemu ya juu ya zege iinuke kidogo kuliko ardhi na iteremke pande zote, maana maji yakituama kwenye shina la bomba, linaozea hapo hapo. Bamba liwe la alumini, milimita 3, ukubwa wa sentimita 60 kwa 90, lilazwe nyuzi 30 hadi 45, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 75 kutoka chini ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wasome. Maandishi mekundu msiweke, jua linayala mapema.

Mwongoza watalii, Capri Point: Fundi, heshima yako, lakini watu wanasimama ukingoni mwa maji wakitazama jiwe. Kibao kikirudi nyuma sana hakuna atakayegeuka kukisoma. Na jina la Bismarck ndilo lililo kwenye ramani zao. Ukilificha watadhani wamepotea.

Mpima ardhi, Nyakato: Kaka, ukingo upi? Mei 2020 ziwa lilipanda likafunika sehemu nyingi ambazo watu walizoea kuziita nchi kavu. Pimeni kuanzia alama ya maji ya mwaka ule, si pale yalipo leo. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 za ufuko. Nguzo mbili si hoteli, lakini nendeni na mchoro Jiji na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria kabla ya kuchimba. Kibao kinachowekwa bila kibali ndicho kinachong'olewa.

Mwalimu wa historia, Bwiru: Mmeshughulikia nguzo, sasa tuje kwenye maneno, ambayo kwangu ndiyo mzizi wa mjadala. Bismarck hakuwahi kukanyaga Afrika. Aliongoza Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulioweka taratibu za kugawana bara hili, akatoka madarakani Machi 1890. Utawala wa Wajerumani Mwanza ulikoma Julai 1916 Waingereza walipouteka mji. Sikubaliani na wanaotaka jina lifutwe, kwa sababu mtoto atalikuta kwenye simu na hatakuwa na wa kumweleza. Liandikwe, na lielezwe limetoka wapi. Ila kichwa cha kibao kiwe jiwe lenyewe: graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyooza kwenye nyufa zake ikiwa chini ya ardhi, kisha mvua ikasomba udongo na kuacha viini vimebebana. Hakuna aliyeyapanga mawe haya.

Tazameni Saanane hapo jirani. Kisiwa kina jina la mkazi wake, Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, na jina hilo lilibaki hata kilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kwa hiyo wazee na wavuvi wa Kirumba waulizwe jiwe waliliitaje, na watakachokubaliana kiandikwe juu ya jina la Kijerumani.

Mwongoza watalii, Capri Point: Hapo nakuelewa, Mwalimu. Basi Kiswahili kianze, Kiingereza kifuate, na kila lugha isizidi maneno 120. Yakizidi hapo wanapiga picha na kupita.

Fundi mawe, Mabatini: Nakubali, na herufi ziwe na urefu wa milimita 8 angalau. Kilichobaki ni nani atakifuta kila mwezi kwa maji safi na kitambaa laini, bila tindikali. Hilo liandikwe kwenye barua ya maombi pamoja na jina la ofisi itakayowajibika, kabla mchoro haujapelekwa Jiji.