Rufaa ya kihamba imepangwa kusikilizwa Moshi na mzee ameshafariki, tufanyeje?

mamaN_kiboriloni:
Habarini za humu wadau, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya mahakama maana hapa nyumbani kila mtu anasema lake. Baba yangu alikuwa na kesi ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, huko Old Moshi na jirani ambaye pia ni mtu wa ukoo wetu. Baba alishinda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, jirani akakata rufaa Mahakama Kuu hapa Moshi akashinda yeye, mzee akasema hapana mimi sikubali, akapeleka Mahakama ya Rufani. Ni miaka mingi tu hadi tukaanza kuona kama imesahaulika. Sasa mzee ametutoka miezi saba iliyopita, na juzi ndo umeletwa wito kwamba rufaa inasikilizwa mwezi ujao, majaji wa Rufani wanakuja kukaa kikao hapahapa Moshi. Jina kwenye karatasi ni la baba. Iliniuma sana, mzee kasubiri hiyo siku mpaka kaondoka.

Baba mdogo anasema mwenye kesi akifa na kesi imekufa, tukubali yaishe. Kaka yangu yuko Arusha, yeye anasema siku hiyo anakuja anasimama tu anawaambia mimi ndo mtoto wa marehemu. Wakili aliyetuandikia rufaa simu yake inaita haipokelewi. Sasa naomba kujua, rufaa imekufa kweli? Kaka anaweza kusimama hivyohivyo? Na je tukapige picha masale, ile mimea ya kuonesha mpaka, tuwapelekee majaji, maana Mahakama Kuu walisema mpaka haueleweki wakati masale aliyopanda babu yapo mpaka leo?

wakili_mdogo_ars:
Pole sana dada na msiba. Niko Arusha na kazi zangu ni hizihizi za rufani kwa hiyo nakujibu moja kwa moja: rufaa ya madai HAIFI kwa sababu mrufani amefariki. Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, kanuni ya 105, zinasema mtu mwenye maslahi anaomba mwakilishi wa kisheria wa marehemu aingizwe mahali pake. Lakini hapohapo kuna mtego, ukipita muda wa miezi 12 tangu kifo bila maombi hayo kuletwa ndipo rufaa inakufa kweli. Nyie mko mwezi wa saba, nafasi ipo ila sio ya kulala nayo.

Na kaka hawezi kusimama kwa sababu ni mtoto tu. Utoto peke yake haumpi mtu mamlaka juu ya mali ya marehemu mbele ya mahakama, anayesimama ni msimamizi wa mirathi mwenye barua yake. Sasa hivi fanyeni kikao cha ukoo muandike muhtasari, chukueni cheti cha kifo RITA (wale wa usajili wa vizazi na vifo), mwende Mahakama ya Mwanzo mkafungue mirathi. Mkishapata msimamizi ndo yanaandaliwa maombi na kiapo kwenda Rufani, na hapo tafuteni wakili hata kama ni kwa kazi hiyo moja tu.

Mwezi ujao barua inaweza isiwe imetoka, ndio. Nendeni hivyohivyo na cheti cha kifo na karatasi zinazoonesha mirathi imeshafunguliwa. Na kabla ya hapo mtu afike masijala, apeleke barua kueleza kwamba mrufani amefariki. Majaji wakiliona hilo wanaweza kuahirisha mpaka kikao kingine.

Sekei77:
Nakazia hapo kwenye KWENDA. Siku ya kusikilizwa mrufani asipoonekana wanaweza kuitupa rufaa palepale, halafu uanze kuomba irudishwe ndani ya siku 30 na sababu ya maana. Shemeji yangu alikwama hapo, alidhani wakili ataenda, wakili naye alidhani yeye mwenyewe kaacha.

Sisi ya kwetu ilisikilizwa Arusha, nikueleze ilivyokuwa ili kaka asije na picha nyingine kichwani. Wanaingia majaji watatu, kesi inaitwa, kila upande unajitambulisha, ukifikiri sasa utaanza kueleza kihamba kilivyoanzia kwa babu unashangaa jaji kashafika ukurasa fulani wa kumbukumbu za rufaa, lile bunda la karatasi zote za kesi, anakuuliza hapa shahidi alisema hivi wewe unasema vile, ipi ni ipi. Wameshasoma kila kitu. Upande wa pili wakili wao alikuja na maneno mengi mazuri, akaulizwa swali moja tu la sheria akasimama kimya. Hakuna mashahidi, hakuna kuapa, na kesi yetu ilikuwa moja kati ya kadhaa siku hiyo. Hukumu haikutoka siku hiyo, tuliitwa baadae.

mto_themi:
Dada mkishindwa hapo msikate tamaa, Mahakama ya Afrika ipo hapahapa Arusha, pelekeni kule.

wakili_mdogo_ars:
@mto_themi kaka nia yako ni nzuri ila hapana, watu wanapoteza hela kwa ushauri huu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu sio ngazi ya rufaa juu ya majaji wetu, kazi yake ni kuangalia kama nchi imevunja haki za mtu. Halafu Tanzania ilijitoa mwaka 2019 kwenye tamko lililokuwa linamruhusu mtu binafsi kwenda kule moja kwa moja. Na ile ya Afrika Mashariki nayo sio ya kesi ya mpaka wa kihamba. Tangu 1979 tulipoanzisha Mahakama ya Rufani yetu baada ya Jumuiya ya zamani kuvunjika, kwa kesi kama hii pale ndo mwisho. Ukitoka hapo umebakiwa na kuwaomba majaji wapitie upya hukumu yao wenyewe ndani ya siku 60 na sababu zake ni finyu mno, kutoridhika sio mojawapo. Ndo maana nasisitiza nguvu zote ziwekwe sasa, sio baadae.

Kuhusu masale. Naelewa kabisa, mimi ni Mchaga pia najua isale ni kitu gani. Ila Rufani wanaamua kwa yaliyomo kwenye kumbukumbu, hii ni rufaa ya pili na picha mpya hazipokelewi. Badala yake fungua mwenendo wa baraza, yaani yale yaliyoandikwa kesi ikisikilizwa, usome, je kuna shahidi aliyataja masale? Baraza lilienda kuona eneo? Kama walienda na waliyoyaona yakaandikwa halafu Mahakama Kuu ikayaruka, hiyo ni hoja nzito kuliko picha mia. Na kitu kingine kinachowapa nafasi ni kwamba baraza na Mahakama Kuu hazikukubaliana, zingekuwa zimesema kitu kimoja majaji wa Rufani ni nadra sana kuingilia mambo ya ushahidi.

Angalia pia maoni ya wazee wa baraza, wale wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza kesi, kama yaliandikwa na wahusika wakasomewa kabla ya hukumu. Kesi nyingi sana za ardhi zimevunjikia hapo, Rufani inafuta kila kitu hadi kule chini na mnaambiwa mkaanze upya. Bora mlijue mapema kuliko kusikia kwa jaji.

Sekei77:
Hiyo ya wazee wa baraza inauma jamani, watu wanazeeka na kesi halafu mnarudishwa mwanzo kwa kosa ambalo hata sio lenu. Ila pale ni sheria kwanza. Si mnakumbuka ya Godbless Lema, mbunge wa Arusha Mjini, mwaka 2012, Mahakama Kuu Arusha ilitengua ubunge mwezi wa nne, mji mzima unabishana kuhusu matusi ya kampeni, kufika Desemba Rufani wanamrudishia ubunge na hoja iliyoamua ni kama wale wapiga kura walikuwa na haki ya kufungua ile kesi kabisa. Kwa hiyo kaka asije na hasira za jirani, aje na sababu za rufaa zilizoandikwa.

mamaN_kiboriloni:
Asanteni sana sana, Mungu awabariki. Nimemsomea baba mdogo hapa yuko kimya anasikiliza. Nimetoa faili la mzee, mwenendo wa baraza upo na kuna ukurasa wameandika wametembelea eneo, mwenyekiti kaandika kabisa ameona masale upande wa mfereji! Sikuwahi kuisoma hii. Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Wengine wanataka msimamizi awe kaka kwa kuwa ni mwanaume wa kwanza lakini yeye yuko mbali, mimi ndo nimekuwa nazunguka na mzee na hizi karatasi. Mwanamke anakubaliwa?

wakili_mdogo_ars:
Anakubaliwa bila shida yoyote, sheria haizuii mwanamke wala mtoto wa kike kuwa msimamizi. Mahakama inaangalia mtu anayeaminika na anayeijua mali, na kwa maelezo yako huyo ni wewe. Mwambie kaka akuunge mkono kwenye muhtasari, asaini na yeye. Ukurasa huo wa kutembelea eneo uweke alama, kisha linganisha na hukumu ya Mahakama Kuu uone kama jaji aliugusa. Angalia pia kama hoja za maandishi za mzee zilishawasilishwa, zilitakiwa ndani ya siku 60 tangu kumbukumbu za rufaa zifunguliwe, utaona muhuri wa masijala juu. Kama hazipo niambie inbox leoleo usisubiri Jumamosi.