Mwaridi wa bibi, nyumba imeuzwa, nifanyeje?

binti_uwani: Salaam wadau, naombeni msaada wa haraka. Bibi yetu alishatangulia na nyumba ya Tanga imepata mteja, mwisho wa mwezi tunakabidhi funguo. Uwani kuna mwaridi aliupanda mwenyewe kabla mama hajazaliwa, waridi lake la pinki dogodogo linanukia mpaka barazani, ndo tulikuwa tunafungia vikuba pamoja na asumini. Shangazi yuko Muscat anasema ni lilelile la Jabal Akhdar, milima ya Oman, wanalotolea marashi. Nilikata vijiti vitano nikachomeka kwenye kopo vyote vikaoza. Nikiung'oa mzima utapona kweli?

mzee_samadi: Usiung'oe mwanangu, mti wa umri huo utaumaliza. Kopo ulitoboa chini?

binti_uwani: Sikutoboa 🙈 na maji asubuhi na jioni

mzee_samadi: Ulivizamisha basi. Tafuta tawi lililotoka kuchanua, lisiwe laini wala gumu kama kuni, unene wa penseli, kata sentimita 15 mpaka 20 chini kidogo ya kifundo, majani toa yote bakisha mawili ya juu. Mchanga nusu mboji nusu, samadi usiweke kabisa mpaka vishike (najua jina langu linanisuta). Funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Chomeka hata 20, vingine vitakufa tu.

umm_salma: Mie niko Oman, shangazi msalimie ila silo hilo. La Jabal Akhdar linachanua msimu mmoja tu, mwisho wa Machi mpaka Mei, na kule ni juu kama mita 2,000 kuna baridi. La kwenu je?

binti_uwani: Mwaka mzima!

umm_salma: Basi hilo lina damu ya Kichina. Waridi za China ndo zilizowapa Wazungu tabia ya kuchanua bila kukoma, tangu mwisho wa karne ya 18, na joto haziogopi. Hili la mlimani ungepanda Tanga ungeambulia majani.

kaka_jembe: Kwani huyo mteja hawezi kuwaachia mje kukata tena?

binti_uwani: Anataka kumwaga zege uwa wote 😭

*Wiki tatu baadaye*

binti_uwani: Nilichomeka 22, vimebaki 9. Kimoja leo kimetoa jani dogo jekundu! Nivute kidogo nione mizizi?

mzee_samadi: WEWE. Jani sio mzizi. Acha chupa hapo hapo.