Mafunzo ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kwa walimu wa darasa la I na II: elimu maalumu niiweke wapi?

MratibuTaaluma
Wadau, habari za kazi. Nimepewa kuratibu vipindi vya jumuiya ya kujifunza (chini ya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini) kwa walimu 6 wa darasa la I na II. Tuna dakika 90 kila Alhamisi mchana, kwa wiki 8. Madarasa yana watoto 80 na kuendelea. Ndani yake yumo mmoja mwenye ualbino, wawili tunaohisi hawasikii vizuri, na kundi kubwa linalokariri ukurasa badala ya kuusoma. Nimepanga wiki 6 za kusoma na kuandika, halafu 2 za elimu maalumu. Hakuna mwalimu wetu aliyepita Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu. Nianzie wapi, na kipi hakitawezekana kwa muda huo?

sauti_kwanza
Mwalimu, anza na midomo ya walimu wenyewe, andalio la somo litafuata. Anayetamka sauti ya m kama "ma" au "em" anamfanya mtoto aunganishe "em" na "a", na hapo silabi "ma" haipatikani hata mkikesha. Kipindi cha kwanza chote kiwe cha matamshi: irabu tano, kisha konsonanti zinazovutika (m, n, s, f, l), maana mtoto anaweza kuishikilia sauti mpaka irabu iifikie: mmmm-a. Zile za b, d, k, p, t hazivutiki. Zitamkwe kwa mkato na ziingizwe kwenye silabi mapema.

Kipindi cha pili wape maneno haya wayapigie makofi: mtu, mbuzi, mgeni, ngoma, mbwa. Watabishana, waache wabishane. M-tu ni silabi 2, mbu-zi 2, m-ge-ni 3, ngo-ma 2, m-bwa 2. M ya "mtu" inajitegemea, ya "mbuzi" imeshikana na b. Mwalimu asiyelijua hili ndiye anayeshangaa kuona "mubuzi" na "mutu" kwenye madaftari. Gusia pia ng na ng' (ngoma, ng'ombe), na l na r kama lugha ya eneo lenu haizitofautishi.

Wanaokariri hugundulika haraka. Funika picha, mwanzishe mtoto mstari wa mwisho, au andika ubaoni maneno ya kubuni: lemu, tosaki, fubene. Anayeyasoma hayo anasoma kweli. Mwalimu akiliacha darasa zima liimbe "ba be bi bo bu" kwa mpangilio uleule, hajui nani anafuata wenzake kwa sauti tu. Avuruge mpangilio, kisha asikilize mmoja mmoja, watano kwa siku.

Kila Alhamisi walimu wafundishane. Walimu 6 ni makundi mawili ya watatu: mmoja anafundisha dakika 7, wa pili anakuwa mwanafunzi anayekosea kwa makusudi, wa tatu anaandika alichokiona. Kisha wanabadilishana. Bila hilo mtakuwa mmesoma makabrasha tu.

NuktaSita
Nakubaliana na mdau hapo juu, ila mpango wa "6 halafu 2" uuvunje. Ukiiweka elimu maalumu mwishoni, ndiyo itakayoliwa na mitihani na vikao. Katika kila kipindi cha kusoma tenga dakika 20 za swali moja: mbinu hii ya leo inamwacha nani?

Kwa wale wawili, kwanza angalieni maandishi yao. Mtoto anayeandika "imba" kwa "simba" huenda anasikia irabu lakini s, sh, f zinampita. Kisha fanyeni jaribio la mnong'ono. Simama nyuma yake umbali wa sentimita 60 asione midomo, aliyekusaidia afunge sikio moja la mtoto kwa kulisugua taratibu kwa kidole. Toa pumzi yote nje kwanza, ndipo unong'one tarakimu tatu arudie. Akikosea, rudia kwa tarakimu nyingine. Fanya sikio la pili. Huo si uchunguzi wa kitabibu. Akishindwa aende kituo cha afya, kwani nta au usaha sikioni vinaweza kutibika. Darasani akae mbele, sikio zima lielekee kwa mwalimu, na mwalimu asiongee akiwa ameupa mgongo darasa. Hili la mwisho halina gharama, na ndilo linalovunjwa kila siku.

Mwenye ualbino asiwekwe karibu na dirisha kwa kuwa "kuna mwanga". Mwanga mkali ndio unaomuumiza. Akae mbele katikati, aruhusiwe kuusogelea ubao, na kitabu akishike karibu na uso kadiri apendavyo; hakiharibu macho. Akiinamisha kichwa upande, msimnyooshe. Macho yake huchezacheza, na mkao huo unayatuliza. Matini yake iandikwe kwa kalamu nene, au ichapwe kwa herufi za ukubwa wa pointi 18 na kuendelea. Kofia na nguo za mikono mirefu nje ya darasa.

Kisichowezekana ni breli (maandishi ya nukta ya wasioona) na Lugha ya Alama. Nukta sita zenyewe hukaririka, ila kwa sahani na kalamu ya breli mtu huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume na anavyosoma, na hilo linataka mazoezi ya miezi. Nanyi kwa sasa hamna mtoto anayelihitaji.

MratibuTaaluma
Ahsanteni sana. Kuna wengine wanasoma sahihi lakini polepole mno, mpaka mwisho wa sentensi wamesahau mwanzo. Niwaandike kama wenye ulemavu wa kujifunza?

sauti_kwanza
Hapana, usimwandike yeyote bado. Tahajia yetu ni nyoofu, kwa hiyo mwenye tatizo la usomaji mara nyingi hakosei, anachelewa. Msomee hadithi fupi umuulize maswali. Akijibu vizuri kwa kusikiliza lakini si kwa kusoma, shida iko kwenye kuunganisha silabi. Mpe mazoezi ya silabi zilezile dakika 10 kila siku. Akishindwa kote kuwili, muulize kwa lugha ya nyumbani. Akijibu, ana uhaba wa Kiswahili. Akishindwa tena, akaguliwe masikio, kisha mpeleke kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri ukiwa na daftari lake na kumbukumbu za wiki kadhaa.

Na msishindane na viwango vya maneno kwa dakika vya Kiingereza. "Hawakumwona" kwetu ni neno moja.

mwl_wa_kata
Ongeza ufuatiliaji. Kila mwalimu atembelewe darasani dakika 20 ndani ya wiki hiyohiyo, mzungumze dakika 10 siku ileile, jambo moja tu la kurekebisha. Fomu ya ufuatiliaji isiende kwa mkuu wa shule kama tathmini ya utendaji, la sivyo utaonyeshwa somo la maigizo. Na panga mapema nani atashika madarasa Alhamisi. Hapo ndipo ratiba nyingi hufia wiki ya tatu.